Waambie mabinti zako habari za njia



Siku ya maziko mtu mmoja wa ukoo husimama karibu na jeneza, karatasi mkononi, akasoma wasifu wa marehemu. Tunaambiwa mama alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifunga ndoa mwaka gani, alijaliwa watoto wangapi na wajukuu wangapi. Kisha linakuja lile fungu tulilolizoea: marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi kwa muda mrefu, akatibiwa katika hospitali mbalimbali, hadi Bwana alipomwita. Maradhi gani? Karatasi haisemi. Mabinti zake wamekaa kwenye mkeka, wamejifunika kanga, na wao hawaulizi.

Jioni, watu wakipungua, mmoja wao akithubutu kumuuliza shangazi hujibiwa kwa sauti ya chini: "Mama yako alikuwa anaumwa kifua."

Kiswahili chetu kina huruma yake, na neno kifua linasitiri mengi. Linaweza kuwa pumu, kifua kikuu, moyo, au titi. Binti anaondoka ameridhika. Hajui kwamba amenyimwa habari ambayo huenda ingeokoa maisha yake.

Jumapili hii sitaki kuzungumza habari za mgonjwa wa saratani ya matiti. Nataka kuzungumza habari za wale waliokaa kwenye mkeka: binti, dada, mpwa na mjukuu wa mgonjwa, ambao leo ni wazima kabisa, wanaimba kwaya na kulea watoto. Kwa baadhi yao hatari ni kubwa kuliko ya wanawake wengine. Na kwa hao, yapo mambo yanayoweza kufanyika kabla ugonjwa haujaja.

Mgunda Mkali

Sisi watu wa Tabora tunaishi juu ya njia ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mbele yao alitangulia kirangozi, mtu aliyeijua njia.

Katika njia hiyo palikuwa na kipande kilichoogopwa kuliko vingine. Ukimaliza Ugogo na kabla hujafika Tura, mlango wa Unyamwezi, uliingia katika pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali. Maji yalikuwa machache na vichaka vilikuwa vizito. Hakuna aliyeingia humo kwa kubahatisha. Watu walijaza vibuyu vyao, walibeba chakula cha siku kadhaa, na walitembea mwendo mrefu bila kulaza damu.

Walijuaje? Waliambiwa na waliotangulia. Msafara uliokuwa ukishuka pwani ulikutana na msafara uliokuwa ukipanda bara, watu wakasalimiana na kupashana habari: kisima kipi kimekauka, wapi kuna maji, wapi pana vita. Kuzificha habari hizo kungekuwa sawa na kuwaua wenzako.

Mama aliyeugua saratani ya matiti ametangulia njiani. Ameuona Mgunda Mkali kwa macho yake. Mabinti zake wanakuja nyuma, na wengine wanaweza kuwa wanaingia pori lile lile wakiwa na vibuyu vitupu, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Nani yuko katika hatari zaidi

Kwanza tuseme wazi kwamba kila mwanamke anaweza kupata saratani ya matiti. Mwaka 2022 wanawake takriban milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na takriban 670,000 walifariki. Hapa Tanzania, miongoni mwa wanawake, inafuata nyuma ya saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana kihatarishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri wa miaka 40 na kuendelea. Kwa hiyo asiyekuwa na mgonjwa katika ukoo asijione amepona.

Lakini kati ya wagonjwa 100, watano hadi 10 wameupata kwa sababu ya hitilafu ya vinasaba waliyoirithi kwa mzazi. Katika miaka ya 1994 na 1995 wanasayansi walivitambua vinasaba viwili vikuu vya namna hiyo, vikaitwa BRCA1 na BRCA2. Kila mtu anavyo, na kazi yake ni kusaidia kulinda chembe za mwili. Kikiwa na hitilafu, ulinzi unapungua. Kati ya wanawake 100 wenye hitilafu hiyo, takriban 70 watapata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80. Vinasaba hivyo hivyo huongeza pia hatari ya saratani ya ovari.

Utajuaje kama ukoo wako una dalili hiyo? Anza na maswali ya kawaida. Je, kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya matiti kabla ya miaka 50? Je, wapo wawili au zaidi wa upande mmoja? Kuna aliyeugua matiti yote mawili, au aliyeugua saratani ya ovari? Kuna mwanamume aliyeugua saratani ya titi? Ndiyo, wanaume nao huugua, ingawa ni wachache.

Na hapa wengi tunakosea hesabu. Tunamtazama mama, mama mkubwa, mama mdogo na bibi mzaa mama, kana kwamba titi hurithiwa kwa wanawake peke yao. Baba naye huirithisha hitilafu hiyo, hata kama yeye mwenyewe hataugua kamwe. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea kutoka kwa mzazi aliye nayo. Kwa hiyo shangazi yako na bibi mzaa baba wanahesabika sawa na wa upande wa mama. Shangazi anayenong'ona "kifua" huenda anazungumzia pia mwili wake mwenyewe.

Hatari inaweza kuwa kubwa pia kwa mwanamke aliyewahi kutibiwa kwa mionzi kifuani akiwa mdogo, au ambaye kinyama kilichochukuliwa kwenye titi lake kilionyesha chembe zilizoanza kubadilika ingawa bado si saratani.

Hii si laana ya ukoo

Ndugu yangu, najua kwa nini tunanyamaza. Tunaogopa kwamba ukoo ukijulikana una ugonjwa huo, mabinti hawataolewa. Tunaogopa watu waseme tumerogwa, au kwamba bibi alitenda jambo na sasa wajukuu wanalipa. Wengine wamehama kanisa hadi kanisa wakitafuta kufunguliwa laana ya ukoo, na miezi ikapita.

Kumbuka siku ile wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Yohana sura ya 9. Walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Hakumhukumu kijana wala wazazi wake. Alimhudumia, akamtuma akanawe katika birika la Siloamu.

Paulo naye, akimwandikia Timotheo, alitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike, na sasa ndani yake. Tunarithi mengi kwa bibi zetu: imani, sauti ya kuimba, umbo la pua. Na wakati mwingine tunarithi hitilafu ndogo katika vinasaba. Hitilafu hiyo haina hatia ndani yake. Inahitaji kujulikana, ili anayeirithi ajue la kufanya.

Yanayoweza kufanyika

Njia zipo, na hazilingani kwa kila mtu. Nitazitaja kwa ufupi ili ukifika kwa daktari uwe na la kuuliza.

Ya kwanza ni mwenendo wa maisha. Pombe, hata ya kiasi, huongeza hatari ya saratani ya matiti. Unene uliopita kiasi huongeza hatari, hasa baada ya ukomo wa hedhi. Kutembea, kulima na mazoezi ya mwili hupunguza. Kunyonyesha pia hupunguza: utafiti uliokusanya taarifa kutoka nchi 30 na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4. Mambo haya yanamfaa kila mwanamke. Kwa mwenye hitilafu ya kurithi yanasaidia, ila peke yake hayatoshi.

Ya pili ni ufuatiliaji wa karibu. Huu hauzuii ugonjwa, bali huukamata ungali mdogo, wakati matibabu yana nguvu zaidi. Kwa mwanamke wa kawaida kipimo cha mionzi ya matiti huanza katika miaka ya 40. Kwa mwenye historia ya ukoo, madaktari wengi huhesabu miaka 10 nyuma kutoka umri aliougua ndugu wa karibu. Mama akigunduliwa akiwa na miaka 42, binti anaanza kufikiriwa vipimo akiwa na 32. Kwa mabinti wadogo daktari anaweza kuchagua ultrasaundi au, panapowezekana, MRI. Hata pasipo mashine hizo, mganga au muuguzi aliyefundishwa anaweza kuyapima matiti kwa mikono. Na mwanamke mwenyewe aujue mwili wake: uvimbe, titi lililobadilika umbo, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa. Akiona lolote kati ya hayo, asisubiri limuume. Mara nyingi uvimbe wa saratani mwanzoni hauumi.

Ya tatu ni dawa. Iko dawa ya siku nyingi iitwayo tamoksifeni, ambayo hutibu saratani ya matiti inayochochewa na homoni. Mwaka 1998 matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wanawake zaidi ya 13,000 walio katika hatari kubwa yalionyesha kwamba waliomeza dawa hiyo walipata saratani ya matiti kwa karibu nusu ya wasioimeza. Kwa kawaida humezwa kila siku kwa miaka mitano. Kwa waliokwisha kufikia ukomo wa hedhi zipo dawa nyingine pia. Lakini tamoksifeni si ya kununua dukani na kujaribu. Inaweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa, inaongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba kwa wanawake wa umri mkubwa, na haifai kwa mjamzito. Daktari bingwa ndiye wa kupima faida na madhara.

Ya nne ni upasuaji. Mwanamke aliyethibitika kuwa na hitilafu katika BRCA1 au BRCA2 anaweza kuchagua kuondolewa matiti yote mawili kabla hajaugua. Hatari yake hupungua kwa asilimia 90 au zaidi, ingawa haifiki sifuri. Wengine, wakishamaliza kuzaa, huondolewa ovari na mirija ya uzazi ili kuzuia saratani ya ovari. Mwaka 2013 mwigizaji Angelina Jolie wa Marekani, akiwa na miaka 37, aliueleza ulimwengu kwamba amefanya upasuaji wa matiti wa namna hiyo. Mama yake alikuwa amefariki kwa saratani akiwa na miaka 56, na yeye alikuwa amepima na kukutwa na hitilafu ya BRCA1. Miaka miwili baadaye aliondolewa ovari na mirija.

Huo ni uamuzi mzito. Unagusa ndoa, unagusa uzazi, unagusa jinsi mwanamke anavyojitazama kwenye kioo. Wengi walio katika hatari hawatauhitaji, na hakuna anayepaswa kuusukumiwa. Kipimo chenyewe cha vinasaba si cha kila hospitali hapa nchini. Ndiyo maana kwa wengi wetu kipimo cha kwanza, kisicho na gharama, ni kukaa na wazee na kuuliza: nani aliugua, aliugua nini, na alikuwa na umri gani?

Je, huku ni kukosa imani?

Nimesikia watu wakisema: "Kwa nini nihangaike na ugonjwa ambao sina? Mimi nimekabidhi yote kwa Bwana." Kauli hiyo ina utamu wa ibada, lakini tuipime kwa Maandiko.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unamtaja Nuhu miongoni mwa mashujaa wa imani. Alifanya nini? Alionywa juu ya jambo lililokuwa halijaonekana, akajenga safina. Anga lilikuwa jeupe. Majirani hawakuona sababu ya mbao na lami zote zile. Imani yake ilipimwa kwa kile alichokijenga kabla tone la kwanza halijaanguka, na safina ile iliiokoa nyumba yake.

Tuna mashahidi wa jambo hili karibu na nyumbani. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, lipo tembe alimokaa Dk. David Livingstone. Alifika hapo na Stanley Februari 1872. Stanley akaendelea pwani, na Livingstone, mtu wa maombi na daktari, akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi na mahitaji ya safari. Alijua maana ya kusafiri bila maandalizi, kwa sababu mwaka 1867 sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa njiani. Miezi ile ya kusubiri haikuwa upungufu wa imani.

Na ukienda magharibi zaidi, Karema kwenye Ziwa Tanganyika, utasikia habari za Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuhudumu hadi alipofariki mwaka 1956. Watu walimjua kama daktari na kama katekista. Mkono uliofunga vidonda ndio uliofungua katekisimu, na hakuna aliyemuuliza achague kimoja.

Nyumba ya Mungu iseme

Makanisa ya mkoa huu hayajawahi kutenga mwili na roho. Wapentekoste walijenga hospitali ya Nkinga, Wakatoliki ya Ndala, Wamoravian ya Sikonge. Ipo pia hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete. Kwa huduma za kibingwa za saratani, wenzetu wa kanda hii huelekezwa Bugando, Mwanza, na wengine taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Safari ya Ocean Road ukiwa mgonjwa ni ndefu na ya gharama. Safari ya kituo cha afya ukiwa mzima, ukaulize na kupimwa kwa mikono, ni fupi.

Akina mama wa WAWATA na wa idara za wanawake katika makanisa yetu, mna kikao kila mwezi. Mwalikeni muuguzi mara moja kwa mwaka. Wachungaji na mapadre, mnapowafundisha wachumba, wafundisheni kuulizana habari za afya za koo zao bila kudharauliana. Na ninyi waume, mke akikwambia anataka kupimwa kwa sababu ya dada yake, usimuulize nani amemtia hofu. Mpe nauli, na ukiweza, fuatana naye.

Tusiwasahau masista wetu. Mwaka 1713 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliandika kwamba saratani ya matiti ilikuwa nyingi miongoni mwa watawa wa kike kuliko wanawake wengine. Leo tunajua kwamba kutozaa na kutonyonyesha huongeza hatari kwa kiasi fulani. Hawa wametoa miili yao kwa ajili ya Kanisa, na hawana binti wa kuwashika mkono hadi hospitali. Kuhakikisha wanapimwa ni deni letu.

Na wewe mama unayesoma haya, ambaye umeugua na kupona, au bado unatibiwa, au unajua mama yako alikufa kwa nini: leo baada ya ibada, waite mabinti zako na watoto wa kaka yako. Funga mlango ukitaka. Usiseme kifua. Sema titi, sema saratani, sema ulikuwa na umri gani. Waambie wapi palikuwa na maji na wapi palikauka. Utalia, na wao watalia, lakini wataondoka wamejaza vibuyu.

Na siku yetu ikifika, wasifu wetu ukisomwa mbele ya watu, hata ugonjwa usipotajwa, walio kwenye mkeka wawe tayari wanajua.

Jumapili njema, na Mungu azilinde nyumba zenu.